Chumba Kisicho na Mtu, Kutoka Kitale Hadi Kanduyi

Nimesimulia habari hii vipande vipande mpaka koo limekauka. Nikipita sokoni mtu ananishika mkono: "Zuhura, ati mtihani uliufanyia kwa harusi?" Haikuwa harusi! Kaeni chini niwaambie mara moja, mwanzo hadi mwisho, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii ajisomee mwenyewe. Mambo ya kujiandikisha nayaruka, hayana utamu wowote.

Kitale: transfoma inatufanyia vituko

Wengi mnajua kazi yangu. Natunza kompyuta za ushirika wa maziwa. Mkulima akileta maziwa asubuhi yanapimwa, kilo zake zinaingia kwenye seva, na chumba cha hizo seva nilikijenga mimi, kuanzia nyaya hadi feni. Mwaka huu ofisi ikaamua kuhamia mfumo mpya wa mashine pepe. Yaani unachukua kompyuta moja yenye nguvu, unaigawa kwa ndani, inakuwa kompyuta nyingi zisizo na mwili, kila moja na kazi yake. Ukitaka, unaihamisha moja kutoka seva hii hadi ile bila hata kuizima.

Meneja wetu, Mzee Simiyu, akaniita. "Zuhura, mimi nakuamini, lakini bodi inataka cheti kile kikubwa. Ukikipata, chumba ni chako. Ukikikosa, kuna watu wa Nairobi watachukua chumba na kazi yote. Wewe tutakuweka kaunta, uwe unawapigia wakulima risiti."

Kaunta! Mimi! Nilitoka pale nikiwa nimevimba, sikumuaga mtu yeyote.

Mtihani wenyewe ni wa vitendo. Hakuna kuchagua jibu na kubahatisha. Unaunganishwa kwa mtandao na seva zilizoko mbali, zimeharibiwa makusudi, unaambiwa tengeneza. Nilishaufanya mara moja nikaanguka vibaya kwenye sehemu ya diski. Na wana sharti moja kali: ukae peke yako chumbani, kamera imewashwa, msimamizi anakutazama kutoka nchi nyingine. Mtu akiingia, au sauti yake ikisikika pale chumbani, mtihani unafungwa na umeanguka.

Siku mbili kabla ya mtihani, mvua ya radi ikapiga, na transfoma ya mtaa wetu pale karibu na msikiti ikalipuka, puu! Giza totoro. Kuahirisha haiwezekani, tarehe ikishapangwa imepangwa. Ofisini nako mafundi walikuwa wanatoboa kuta kutwa nzima, huwezi kusikia hata mawazo yako. Nikaketi mlangoni na kulia, wacha niseme ukweli. Nililia kwa hasira.

Kesho yake asubuhi ndipo akaja Njeri. Njeri ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, wazazi wake walitoka mkoa wa kati wakanunua shamba Kiminini, naye anauza viazi. Akanitazama, akasema, "Woi, mtu mzima analilia stima! Mimi naenda Kapsokwony kuchukua viazi, halafu nateremsha Bungoma. Yule mama ninayenunua kwake ako na intaneti ya nguvu, kijana wake aliweka kabla aende ng'ambo. Beba hiyo takataka yako twende."

Takataka yangu ilikuwa seva kuukuu niliyokuwa nafanyia mazoezi chini ya kitanda, inayovuma kama kinu cha posho. Nikaifunga kwa leso mbili, tukaipakia kwenye pikapu yake, na tukaondoka.

Kiminini hadi Kimilili: kompyuta kumi na mbili

Hatukufika mbali. Kwenye kizuizi cha barabarani afisa mmoja mnene, mcheshi, akaona mzigo umefungwa leso akauliza ni nini.

Kama Njeri angenyamaza! Lakini Njeri anajivunia marafiki zake. "Ni kompyuta, afande. Huyu dada ni mtaalamu. Iko na kompyuta kumi na mbili."

Afisa akafungua leso, akaangalia. "Hapa naona moja. Hizo zingine kumi na moja mmeshusha wapi?"

"Ziko ndani yake," nikasema.

"Ndani?"

"Ndiyo, afande. Ni hii hii moja, lakini ndani zimo kumi na mbili. Hazishikiki."

Akaita mwenzake. "Njoo uone, bana. Hawa wamama wanasema kuna kompyuta hazishikiki." Mwenzake akaja, akainama, akachungulia kwenye matundu ya feni kama anatafuta panya. Akagonga na kalamu. Akauliza kama hizo kumi na moja nazo zina risiti.

Nilianza kuchemka. Njeri akanifinya paja ninyamaze. Ikabidi niwashe laptopu palepale juu ya boneti, niunganishe seva kwenye betri ya gari kupitia kile kifaa cha Njeri cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, na niwaonyeshe zile mashine zikiamka moja baada ya nyingine, kila moja na jina lake. Nilikuwa nimezipa majina ya ng'ombe. Yule afisa mnene akayasoma kwa sauti: "Cherotich. Nafula. Wambui. Malaika." Alipofika la kumi na mbili akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Sasa huyu Nafula akiugua?"

"Ninamhamisha seva nyingine, anaendelea kufanya kazi."

"Na daktari ni wewe?"

"Kesho nikipita mtihani, ndiyo."

"Basi pita, daktari," akasema, akatufungulia njia. Hata alituombea baraka, sikuamini masikio yangu.

Tulipofika Kamukuywa, lori la mahindi kutoka Tongaren lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, magunia yametapakaa, dereva amekaa juu ya gurudumu anakula ndizi. Alikuwa mzima, ashukuriwe Mungu. Magari yote yakasimama. Watu wakashuka, wakaanza kubeba magunia pembeni, na Njeri naye akapanda juu akawa anatoa amri kama mwenye lori. Mimi nikajikalisha kando ya pikapu, kivulini, nikarudia kichwani hatua za kurudisha diski iliyopotea. Muuza mahindi choma akanipa mawili akaniambia nile, uso wangu umekwisha. Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipopita Kimilili.

Kapsokwony: mgeni hakai peke yake

Mlima ukianza, unaanza kweli. Nyumba ya Mama Chebet, yule mama wa viazi, iko chini ya barabara, kwenye mteremko ambao mvua ilikuwa imeufanya sabuni. Pikapu ikateleza mara mbili, Njeri akazima injini akasema yeye haendi kufia viazi. Ikabidi seva ipande bodaboda. Niliikumbatia mgongoni mwa dereva, matope yananirukia hadi kwenye ushungi, nikisoma kila dua ninayoijua. Dereva akaniuliza kama nimebeba mgonjwa.

Mama Chebet ni mwanamke mrefu, mpole, sauti yake haipandi. Alitupokea kwa maziwa lala ya kibuyu na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, vya moto mpaka vinapasuka. Wallahi sijawahi kula viazi kama vile. Akanionyesha chumba cha kijana wake: meza, kiti, dirisha linaloangalia bonde, na intaneti inakimbia kuliko ya ofisini kwetu. Nikamkumbatia. Nikafikiri, kesho asubuhi nafanyia hapa, mambo yamekwisha.

Nikawasha seva, nikaanza mazoezi. Dakika haijaisha, Mama Chebet akaingia na kiti chake, akakaa kando yangu, akaanza kusuka kikapu.

"Mama, hakuna shida, mimi niko sawa," nikamwambia.

"Ndiyo, mwanangu. Nimekuja tu kukaa na wewe."

Basi nikafanya. Nikaharibu diski makusudi, nikairudisha. Nikaharibu tena. Kila mara mashine zikiamka, Mama Chebet anapiga makofi. Jirani wake akaja kusalimu, naye akakaa. Akaja mwingine na mtoto mgongoni. Mpaka jioni nilikuwa na hadhira, wote kimya, wote wananitazama kama wanatazama mtu akijifungua. Lakini mkono wangu ulikuwa umeizoea ile sehemu ya diski sasa, na hilo lilinipa moyo.

Wakati wa kula nikamweleza Mama Chebet taratibu. Kesho nahitaji kukaa chumbani mle peke yangu, mlango umefungwa, tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri, na mtu asiingie kabisa.

Akaweka kijiko chini. "Umeudhika na sisi?"

"Hapana, Mama! Hata kidogo."

"Uko na matanga?"

"Hapana."

"Basi kwa nini nikufungie? Mgeni amekuja kwangu, nimfungie chumba kama mgonjwa, nikae huko nje nakula? Watu watasema nini? Kijana wangu akisikia huko ng'ambo atasema nini?" Macho yake yakajaa machozi, jamani. "Nitakaa kimya. Hutanisikia hata nikipumua."

Nilimwelezea tena, nikamwelezea kuhusu kamera, nikamwelezea kuhusu yule msimamizi. Kila nikieleza yeye anamhurumia zaidi msimamizi, kwamba naye kazi gani hiyo ya kukaa peke yake. Ningewezaje kumfokea mtu aliyenipa kitanda cha mwanawe?

Asubuhi na mapema tukapakia viazi, tukaaga. Mtihani ulikuwa unaanza siku hiyo hiyo, na chumba sina. Nikampigia simu shangazi yangu Rukia wa Kanduyi. "Shangazi, naomba chumba kitupu."

"Mwanangu, vyumba vimejaa tele," akasema. "Njoo."

Kanduyi: mtoto wa nyumba

Hamumjui Shangazi Rukia? Basi hamjui kelele. Nyumba yake iko hatua chache kutoka barabarani, karibu na msikiti, na siku zote ina watu. Tulipoingia uani moyo wangu ukaanguka miguuni. Sufuria ya pilau ilikuwa tayari jikoni. Wajomba, binamu, majirani, wamama wa madrasa, wote wamekuja kuniombea dua. Shangazi alikuwa amewapigia simu tukiwa njiani.

"Zuhura wetu anafanya mtihani!" akapiga kigelegele. "Ati wa kompyuta! Ati peke yake wilaya nzima!"

"Shangazi, nilisema chumba kitupu."

"Chumba ni kitupu. Watu wako nje."

"Na hawaingii?"

"Kukuletea chai tu. Na uji. Na kukuangalia kama uko sawa. Si wewe ni mgeni?"

Nikahisi machozi yanakuja tena. Nilikuwa nimebakiwa na muda mfupi tu, usiotosha hata kufika mjini. Nikamgeukia Njeri, na sijui uso wangu ulikuwaje, lakini Njeri alivuta pumzi, akapangusa mikono yake yenye udongo wa viazi kwenye sketi, akasimama katikati ya sebule.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya kuumia kabisa, "hivi mgeni hapa ni nani?"

Shangazi akashtuka. "Aa, mwanangu, si ni nyinyi wawili?"

"Huyu ni mtoto wa kaka yako. Amezaliwa hapa, amenyonya hapa. Tangu lini mtoto wa nyumba akaitwa mgeni? Mimi ndiye nimetoka mbali, nimemleta na gari langu, sijawahi kukanyaga hapa, na tangu niingie nyote mnamwangalia yeye. Mimi hata maji sijapewa."

Shangazi akashika mdomo. Nafikiri hakuna aibu kubwa kama ile katika ile nyumba. "Subhanallah! Mwanangu, tusamehe! Haki tumekosa adabu!" Kabla hajamaliza, Njeri alikuwa amewekwa kwenye kochi kubwa, mito miwili mgongoni, na ukoo mzima umemzunguka. Wengine hata wakakaa chini.

Mimi nikaingia chumbani polepole, nikafunga mlango. Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa mtoto wa nyumba, nina kazi zangu.

Nikaunganisha laptopu na intaneti ya nyumba, nikaizungusha msimamizi aone kuta, dari, chini ya kitanda. Akaniomba nitoe kalenda ukutani. Akasema anza.

Sitawachosha na yote. Kulikuwa na mtandao uliochanganywa, nikaupanga. Kulikuwa na mashine pepe iliyotakiwa kuhama bila kuzimwa, nikaihamisha. Kule sebuleni nilisikia kwa mbali mvumo wa watu, mlango mnene ukiuzuia, na mara kwa mara sahani. Kila mara nilitarajia kitasa kizunguke. Hakikuzunguka. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila mtu aliyeinuka kuja kwangu, Njeri aliomba kitu kingine. Aliomba kachumbari. Aliomba aongezwe pilau. Aliomba asimuliwe ukoo wetu kutoka kwa babu wa babu, na pale ndipo Shangazi alipojisahau kabisa.

Kisha ikaja diski. Seva mbili, diski moja ya pamoja, na hakuna seva inayoiona. Skrini ikanipendekezea njia ile ile iliyoniangusha mara ya kwanza: futa, uanze upya. Mara ya kwanza nilibonyeza, na nikafuta kila kilichokuwemo. Sasa mkono ulikataa wenyewe. Nikaanza kufuata njia, hatua kwa hatua, kama nilivyofanya pale mlimani.

Nikiwa katikati, adhana ya adhuhuri ikapaa kutoka msikitini, spika zote, ndani ya chumba kama muadhini amekaa kitandani. Msimamizi akasimamisha kila kitu. "Nasikia sauti ya mtu," akasema. "Nani yuko hapo?"

Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole. Nikamwambia, "Hiyo ni sauti ya msikiti. Inaita watu kusali. Mimi siwezi kumwambia anyamaze, na hata ningeweza nisingemwambia."

Adhana ikaendelea, ndefu kuliko siku zote nilizowahi kuishi. Kichwani nilimwona Mzee Simiyu, nikaiona kaunta, nikaona risiti. Hatimaye akasema, "Kweli, inatoka nje. Endelea."

Nikaendelea. Njia moja ya mtandao ilikuwa imepewa nambari isiyo yake. Kosa dogo tu, limefichwa vizuri. Nikalirekebisha, nikaonyesha seva upya mahali diski ilipo, nikangoja. Ikaonekana. Yote! Mashine zikaamka moja moja, hakuna hata moja iliyopotea kitu. Nilitaka kupiga yowe, nikauma leso.

Nilipofungua mlango niliwakuta wote palepale. Njeri alikuwa amelala chali kwenye kochi, mkanda umefunguliwa, macho yamelegea. "Zuhura," akasema kwa sauti ya kukata roho, "kama hujapita, mimi nitakuua. Nimekula kwa ajili yako mpaka sioni."

Bungoma mjini: simu katikati ya viazi

Matokeo hayatoki papo hapo. Tulilala kwa Shangazi, kesho yake tukaenda mjini kuuza viazi, Njeri hajagusa chakula. Alikuwa anashindana na mwenye hoteli mmoja ati viazi vya mlima vina udongo mwingi, na mimi nikiwa nimeshika mfuko upande mmoja, simu ikalia mfukoni. Nikaufungua ujumbe. Nikausoma. Nikausoma tena kutoka chini kwenda juu.

Nikaachia mfuko. Viazi vikabingirika hadi kwenye mtaro.

"We! Viazi vyangu!" Njeri akapiga kelele.

"Nimepita!"

"Umepita wapi?"

"Nimepita mtihani, Njeri! Nimepita!"

Jamani, yule mwanamke aliruka! Aliniinua mimi na uzito wangu wote, akanizungusha katikati ya soko, tunalia tunacheka, tunakanyaga viazi vyake mwenyewe. Wauza nyanya wakapiga vigelegele bila kujua ni kwa ajili ya nini. Mwenye hoteli akachukua viazi vyote, akaacha kulalamika kuhusu udongo.

Nikampigia Mzee Simiyu. "Mzee, nimepita."

"Umepita kupita, ama umepita tu?"

"Nimepita kabisa, Mzee. Cheti kinakuja."

Nikasikia akicheka polepole. "Wale wa Nairobi wako hapa mlangoni, wanauliza funguo. Acha nikawaambie wageuze gari."

Kurudi Kitale

Siku ya kuhamisha mashine, ofisi nzima ilijaa. Bodi ilikuja imevaa suti. Wakulima wamepanga foleni na mitungi yao kama kawaida, maziwa yanapimwa, kilo zinaingia, risiti zinatoka. Mzee Simiyu alikuwa ameagiza soda na keki, na mwenyekiti alikuwa na hotuba. Mimi nilikuwa ndani ya chumba changu, mlango wazi, vidole kwenye kibodi.

Walisubiri. Mwenyekiti akatazama saa, akatazama foleni ya wakulima inayosonga bila kusimama. Akamnong'oneza Mzee Simiyu, na Mzee akachungulia mlangoni.

"Zuhura, binti yangu, bodi wanauliza. Utaanza saa ngapi?"

"Mzee," nikamwambia, "nimeshamaliza."